Nyota Tano za Kashebere

Mwanangu, mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kingeweza kumshangaza. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu, na walioniamini hawakuwa wachache. Nilitoka Butembo na funguo mbili za kufungulia buloni, bolti za magari, suruali moja, na jina la baba yangu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire, mwalimu akisema sitafika mbali. Leo mwalimu yule, pikipiki yake ikikataa kuwaka, ananiita Patron. Vita vilinikuta Masisi, vikaondoka, vikanikuta tena. Nimelala chini ya kitanda, nimelala ndani ya shimo la kumwagia mafuta machafu ya magari, na kesho yake saa moja asubuhi duka lilikuwa wazi. Nani tena angenishangaza?

Basi nakumbuka siku moja, saa nane ya mchana, mvua ikinyesha, kwenye njia ya kutoka Nyabiondo kwenda Kashebere, simu ililia ndani ya mfuko wa koti langu. Ile simu njo ilinishangaza, ndiyo hiyo hasa. Lakini tulia kwanza, nisikuvushe mto kabla hatujaufikia. Nianzie dukani.

Duka langu la Masisi liliitwa Maison Simama. Niliuza vipuri vya pikipiki na vya magari, na nyuma nilikuwa na karakana yangu. Duka moja, mlango mmoja, rangi ya kijani. Jirani yangu alikuwa Dada Furaha, mwenye kibanda cha kupiga fotokopi na kuchajisha simu za watu. Mtoto wa mkulima wa mlima, amesoma, maneno yake machache. Siku moja akaja akiwa na simu mkononi.

“Papa Kasereka, bantu banatafutaka mu telefone siku hizi. Shofere akifika hapa mara ya kwanza, hajue weye njo nani.”

Nikacheka mpaka mteja wangu akageuka. “Masisi yote inanijua. Hata mbuzi za parokia zinanijua.”

“Mbuzi hazinunuake piesi, Papa.”

Nikampa dola tano. Akasimama mbele ya mlango wangu, akaweka alama yangu kwenye ramani ya simu pale pale nilipo, akapiga picha ya ubao wangu, akaandika namba yangu, akaandika kwamba nafungua saa moja na kufunga saa kumi na moja. Akaniambia, “Siku utafunga, uniambie nibadilishe. Hii kitu haiko kama rangi ya ukuta, unapaka na kusahau. Ni kama shamba. Inapaliliwa.”

Juma lile lile wakaja madereva wawili nisiowajua, mmoja wa Beni, mmoja wa Bukavu. Wameniona mu simu. Mwanangu, mwonja asali haonji mara moja. Nilirudi kwa Furaha jioni ile ile.

“Dada, uniwekee na Lushebere. Na Nyabiondo. Na Kashebere. Na Walikale kabisa.”

“Uko na duka Kashebere, Papa?”

“Sina. Lakini wateja wa Kashebere wataniona.”

Akaacha mashine yake. “Papa, telefone haikuangalie weye. Inaangalia ule mwenye kutafuta, fasi iko amesimama. Akiwa Kashebere, itamuonyesha kile kiko karibu yake. Ukidanganya kama uko pale, atakuja pale. Na weye hauko pale.”

“Akinikosa atanipigia. Nitamwambia apande Masisi.”

“Atakuwa ameisha kutukana mama yako.”

Nikaona ni wivu. Mtu aliyepanda mwenyewe toka chini hufikiri kila mkono unaomshika unataka kumshusha. Nikatafuta mwingine, na mwingine hakosekani. Alikuwa mtu wa Goma, sikumwona uso mpaka leo, sauti yake ilikuwa nzuri kama ya mtangazaji wa redio. Akaniambia kwa simu, “Patron, nitakuweka wa kwanza Kivu nzima.” Furaha alikuwa ameniambia kwamba hakuna muntu anauzaka nafasi ya kwanza, kwa sababu wa kwanza wa Lushebere si wa kwanza wa Walikale, kila mahali ina wa kwanza wake. Sikumsikiliza. Dola sitini nikazituma.

Yule bwana akiwa ameketi Goma, hajui hata Kashebere inanuka nini mvua ikinyesha, akaweka kidole chake kwenye ramani mara nne. Nikawa na maduka matano. Akaandika kwamba yote yanafunguliwa masaa ishirini na manne. Jina langu nalo akalirefusha: Maison Simama Piesi Pneu Garage Moto Kamio Bei Nzuri Kivu. Alisema ndivyo simu inavyopenda. Na mimi, nisipitwe, nikawapigia ndugu, mashemeji na watoto wa kaka zangu wa Butembo na Beni: nipeni nyota pale kwenye ramani ya simu, nipeni maneno matamu. Watu arobaini na mmoja walinipa nyota tano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kwangu buloni. Shemeji mmoja aliandika, “Chakula ni kitamu sana, tutarudi.” Niliuza mafuta ya breki, mwanangu! Lakini nilifurahi hata kwa hilo.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi chema nilikuwa nacho, kimeketi Masisi na mlango wake wa kijani, nikaanza kukitembeza kama kibaya.

Kisha mabomu yakaanza kuanguka kwenye kilima cha pili kutoka kwetu. Mke wangu na watoto nilikuwa nimewatanguliza Walikale, kwa kaka yangu mkubwa. Siku ya mimi kuondoka nilifunga mlango kwa kufuli tatu, nikabeba kile mgongo ulichoweza: gunia moja la chambre à air mpya za pikipiki, ile mipira ya ndani ya gurudumu, ishirini kwa hesabu. Nilitaka kuanza upya nazo. Kumwambia Furaha abadilishe masaa, abadilishe chochote, sikukumbuka. Mtu anayekimbia anakumbuka sufuria, hakumbuki ramani.

Nikapanda Fuso moja iliyokuwa imebeba maharagwe na watu. Dereva alikuwa kijana wa Beni, Mumbere, ndiyo kwanza anapita njia ile. Juu ya mizigo tulikuwa kama ishirini. Karibu yangu aliketi mama mzee wa Kihunde, Koko Riziki, aliyelima mlima wake tangu usichana na sasa alikuwa ametoka kambi ya Lushebere na kifuko cha mbegu shingoni. Alikuwa anampeleka mke wa mwanawe, Neema, mahali penye hospitali na ukimya, kwa kuwa mimba yake ilikuwa imefika. Mwanawe alibaki nyuma. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemwuliza.

Hakuna hata mmoja mu ile Fuso aliyenijua. Hilo liliniuma, basi nikaanza kujitambulisha mwenyewe. Niliwaambia jinsi nilivyopanda, jinsi wakubwa wanavyonipigia simu, jinsi mimi sijawahi kumdanganya mteja tangu nizaliwe. Kitu ninachouza sikukitaja. Niliona neno “patron” linatosha. Koko Riziki akanitazama toka chini ya nailoni aliyojifunika.

“Papa, unasemaka sana. Mvua ikianza, utafunga kinywa ao utaiachilia ijae maji?”

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, cheko la upande mmoja.

Tulikuwa tumeipita Nyabiondo, tunashuka bonde kuelekea Kashebere, wakati moshi mweupe ulipopanda toka mbele ya gari. Mumbere akasimama, akafungua, akatoa kipande cha mkanda mweusi kilichochanika kama ulimi wa mbwa.

“Courroie ya ventilateur imekatika. Na sina ingine.”

Bila mkanda ule, feni haizunguki na maji hayatembei. Ungeendesha dakika chache tu, injini ingeiva kama viazi. Nilijua hilo kabla hajalisema. Nyuma yetu, mbali, mlio mzito ukasikika mara mbili, na kila mtu akaangalia chini. Kisha Neema akashika ubao wa gari kwa mikono miwili akasema polepole, “Koko, inaanza.”

Hapo hali ikabadilika. Mvua, matope, gari lililokufa, na mtoto aliyekataa kungoja.

Motari mmoja akatokea akienda upande wa Kashebere, pikipiki yake tupu. Nafasi ilikuwa moja tu, na mafuta yake, alisema, yanatosha upande mmoja na kurudi hapa, zaidi ya hapo hapana. Kumbeba Neema juu ya pikipiki mu matope yale, na uchungu ule, Koko alikataa kwa kichwa. Mumbere akawaza kwa sauti.

“Nyuma, pale Nyabiondo, niliona macourroie zimening'inia ku mulango wa garage moja. Lakini nyuma iko na ile mambo tunasikia. Ngoja niangalie mu telefone.”

Akapanda kwenye ukingo wa njia kutafuta reseau ya simu, mkono juu kama mtu anayeapa. Mimi nilikuwa nimeshuka, nimesimama karibu ya gurudumu. Akaita kwa furaha:

“Mungu iko! Kashebere kuna duka, kilomita saba tu! Maison Simama Piesi Pneu Garage Moto Kamio... eh, jina lefu kama litania! Masaa makumi mbili na nne, wazi!”

“Nyota ngapi?” motari akauliza.

“Tano! Bantu arobaini na moja!”

“Basi ule ni patron wa kweli,” motari akasema. “Panda tuende.”

Mwanangu, ni lile duka la kidole cha mtu wa Goma. Mimi nilikuwa pale, hatua kumi kutoka kwao. Ilikuwa kusema neno moja: hapana, hakuna duka, rudi Nyabiondo. Moja tu. Lakini nilikuwa nimewaambia toka asubuhi kwamba sijawahi kumdanganya mteja, na watu ishirini walikuwa wananiangalia, ao nilifikiri wananiangalia. Nikajiambia: Kashebere ni sokoni, hawezi kukosa mtu mwenye mkanda. Nikajiambia: nikisema, watanipiga. Nikajiambia mambo mengi. Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza, hazimkosi.

“Ngoja kwanza nimupigie, nisiende bure,” Mumbere akasema.

Na simu ikalia ndani ya mfuko wa koti langu. Ni wimbo wa kwaya, nilikuwa nimeuweka wenye sauti kubwa kabisa kwa ajili ya kelele za karakana. Niliikamata juu ya kitambaa kama mtu anayekamata kuku, nikaikandamiza mpaka ikanyamaza, na mvua ikaimeza kabla haijamfikia Mumbere. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi changu kilikuwa kinaimba.

“Inalia, hapokee,” Mumbere akasema. Akapiga mara ya pili. Nikakandamiza mara ya pili. “Labda iko na bateja bengi.”

Akashuka. Funguo za gari akampa Koko Riziki. Kati yetu wote, mikono yake njo aliyoiamini. Akapanda nyuma ya motari, wakapotea kwenye mvua upande wa Kashebere. Upande wa uongo wangu.

Tukangoja. Saa nzima. Wanawake walifunga nailoni kwa kamba wakamfanyia Neema chumba kidogo pembeni mwa gari. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka, na kila ikipanda mimi nahesabu mahali Mumbere alipofika. Sasa amefika. Sasa anazunguka. Sasa anauliza. Kisha toka nyuma, toka Nyabiondo, watu wakaanza kuja kwa miguu, mikeka kichwani, wengine bila viatu. Mwanaume mmoja hakusimama hata, alisema akitembea, “Nyabiondo bamefunga njia na barrière. Garage, maboutique, yote imefungwa. Hakuna kurudia kule tena.”

Njia ya kweli ilikuwa wazi wakati niliponyamaza. Sasa ilikuwa imefungwa. Nilitamani ardhi inifungulie mdomo wake, lakini hata ardhi ilikuwa imejaa maji.

Koko Riziki akatoka kwenye nailoni, mikono yake ina damu kidogo, akainawa kwenye mvua. Akaja moja kwa moja kwangu. Akasema kwa sauti ndogo, na hilo njo lilikuwa baya zaidi.

“Papa. Shofere alipiga telefone mara mbili. Na mara mbili koti yako iliimba.”

Nikaweka mkono juu ya mfuko.

“Miye sikusoma. Lakini masikio ninayo. Weye njo nani?”

“Koko...”

“Sikukuuliza heshima. Nilikuuliza weye njo nani.”

“Miye njo Maison Simama,” nikasema.

“Na duka ya Kashebere?”

“Haiko.”

Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa mate, kwa matusi. Yeye akanyoosha mkono kuonyesha nailoni.

“Unajua bazee banasemaka nini? Mwenye kuficha uchi hazaake. Angalia ule mutoto mwanamuke. Amevua nguo kati ya bantu makumi mbili, mu mvua, juu mutoto atoke. Na weye, muntu mukubwa na ndevu zako, unaficha telefone!”

Neno lile, mwanangu, halijatoka mwilini mwangu mpaka leo. Wengi wamenitukana katika maisha, hata wenye bunduki. Hakuna aliyewahi kunivua nguo namna ile.

“Sasa,” akasema, “ukiwa ni mwenye piesi kweli, ao hiyo pia ni bongo, ni uongo, utanionyesha. Uko na nini?”

Nikaangalia gunia langu. Chambre à air ishirini, mpya, poda yake bado. Mali yangu yote iliyobaki. Mkanda wa mpira uliosokotwa haudumu, kila fundi anajua. Unaenda kilomita moja kasoro, unateleza, unakatika. Lakini kilomita moja ni kilomita moja.

“Nipe kisu na funguo za gari,” nikamwambia.

Nilipasua ya kwanza kwa urefu, nikaipasua tena, nikasokota vipande vitatu kama mwanamke anavyosuka nywele, nikafunga kwenye gurudumu la injini na la feni, nikakaza mpaka kucha zikauma. Wanaume waliobaki wakachota maji ya mto kwa bidoni za plastiki kwa ajili ya radiatere. Nikawaambia wote, wazi, kwa sauti ya kusikika: duka analolitafuta shofere ni langu, na halipo, na mimi njo nilinyamaza. Mtu mmoja akatema mate karibu ya mguu wangu. Nikaendelea kukaza.

Nikapanda kwenye usukani, injini ikawaka. Tukaenda kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Mkanda wa kwanza ulikatika kwenye kona ya pili. Nikapasua nyingine. Kila mara nikishuka na kisu, nasikia Neema nyuma, na Koko akimwambia, “Bado, mama, bado, shikilia.” Ya tatu. Ya nne. Kwenye mpando mmoja watu wote walishuka wakasukuma, mmoja akisema kwa kila hatua, “Nyota ya kwanza! Nyota ya pili!” Sikukasirika. Nilikuwa nastahili hata ya sita.

Karibu kufika, tukamkuta Mumbere njiani, anarudi kwa miguu, viatu mkononi. Motari alikuwa amemwacha Kashebere, pikipiki ilikwama. Alipoona gari lake linatembea alidhani ni ndoto, kisha akaniona mimi kwenye usukani.

“Nimefika ile fasi,” akasema akihema. “Unajua ni nini? Shamba ya mihogo! Nimezunguka ndani, nimetafuta ubao, nimeita hodi kama mwenda wazimu. Mama mwenye shamba akatoka na jembe, akaniambia, weye ni muntu wa nne mwezi huu. Bantu ba pale beko banaita ile mihogo ‘ku Depo’! Nikimukamata ule Simama...”

“Njo miye,” nikasema.

Alisimama na viatu vyake. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

“Shuka mu kiti yangu,” akasema tu.

Nikashuka, nikakaa mbele, juu ya injini ya moto, nikishika mkanda wangu wa tisa kwa macho, kana kwamba macho yanaweza kushika kitu. Ulikatika mbele ya centre de santé, zahanati ya Kashebere, hatua kama hamsini kabla ya mlango. Hizo hamsini Neema alibebwa mikononi mwa watu. Mtoto alizaliwa kwenye baraza, kabla ya kitanda. Msichana. Alilia kwanza yeye, kisha Koko. Muuguzi alisema damu ya mama ilikuwa imeanza kukimbia. Nusu saa nyingine njiani, asema, tungeleta maiti mbili.

Mumbere, hasira imempungua, akasema basi mtoto aitwe Nyota. Koko Riziki akakataa hapo hapo. “Nyota tumechoka nazo. Ataitwa Ukweli.” Hakucheka alipokuwa akilisema, na mpaka leo yule msichana anaitwa hivyo.

Kesho yake asubuhi mvua ikakatika, na Mama Kahindo, mwenye shamba la mihogo, akaja na jembe lake begani. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya kuita ng'ombe.

“Weye njo Depo? Nilikuwa nakuchunga, nakungojea, baba. Bateja bako bamenikanyangia mihogo. Kuja uhesabu.”

Tukaenda. Nikasimama kwa mara ya kwanza kwenye duka langu la Kashebere, lile lenye nyota tano, lisilofungwa usiku wala mchana. Mashina yalikuwa yamelala kwenye matope, na alama za buti za watu walioniamini zilikuwa zimejaa maji kati yake. Tulihesabu pamoja, yeye akigusa kila shina kwa jembe. Ishirini na saba. Nikamlipa, nikamsaidia kupanda mengine siku nzima, bila kusema neno. Toka siku ile mimi ni mtu wa maneno machache. Cheka, unaruhusiwa.

Nilipofika Walikale nilipanda mahali penye reseau, nikampigia Dada Furaha, naye alikuwa amekimbilia Goma. Nikamwambia, Dada, futa yote. Hakunicheka. Alisema tu, “Papa, na ile ya Masisi?” Nikasema, andika imefungwa. Akaniuliza kama inaniuma. Nikasema inaniuma, lakini ni kweli.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayetaka kufungua kaduka kako na kujulikana. Weka alama yako mahali miguu yako iliposimama, si mahali tamaa yako ilipofika. Mlango mmoja, alama moja. Jina liwe lile lililo kwenye ubao, usiliongezee mkia. Ukifunga, sema umefunga, hasa sisi wa nchi hii ambayo njia inafunguka asubuhi na kufa mchana. Saa iliyoandikwa na kuachwa ni kama mtu aliyekufa anayeendelea kukaribisha wageni. Nyota uziombe kwa yule uliyemhudumia, hata akikupa tatu; tatu za kweli zinabeba mzigo. Akikusema vibaya, mjibu kwa upole na urekebishe. Usimwamini anayekuuzia nafasi ya kwanza. Usiseme mji wote unakujua. Wanaokujua hawatafuti, na anayetafuta ni yule hasa asiyekujua, na siku nyingine anakutafuta akiwa na mwanamke mwenye uchungu nyuma ya gari. Na simu ikilia, pokea. Hata kama jibu ni “sina”. “Sina” iliyosemwa mapema ni huduma.

Mungu wa mama yangu akufungulie mlango mmoja, na akupe nguvu ya kusimama ndani yake. Njia yako isifungwe mbele na nyuma siku moja. Anayekutafuta akukute. Na siku ukikosea, akuletee mtu kama Koko Riziki kabla mvua haijazidi.

Mimi pale njiani, kusema “njo miye” kusingalinigharimu hata senti moja. Uongo wangu je? Mtu wa Goma, pikipiki ya kumpeleka Mumbere shambani, chambre à air tisa, mihogo ishirini na saba, na Furaha wa kufuta vyote: dola mia moja arobaini na saba.